Taa moja, tarehe tatu

Nyie mnaoanza kukusanya taa za zamani za barabarani na zile za kuongozea magari, msiamini tarehe ya kwanza mtakayoiona. Mi taa yangu ya kwanza niliikuta na balbu ina mwezi na mwaka umekwaruzwa kitakoni, nikaandika daftarini huo ndo umri wake, kumbe ni alama ya fundi aliyepanda kubadilisha balbu, bodi yenyewe, yaani ganda la taa, ilikuwa nzee kuliko hapo kwa mbali. Miaka miwili nawaambia watu uongo bila kujua.

Juu ya nguzo kila kitu hubadilishwa, balbu, fotoseli (kile kijicho kinachowasha taa giza likiingia), kioo, hata choki (kile kizito cha ndani kinachodhibiti umeme wa balbu). Kwa hiyo anza na bodi, ifungue usome maandishi yaliyotoka na kalibu kwa ndani. Ukikuta namba ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, isikulevye, inakwambia tu taa haijatengenezwa kabla ya namba hiyo kutolewa, kalibu lenyewe linaweza kutumika miaka na miaka baadaye.

Taa za Marekani zina stika chini, inakwambia aina ya balbu: ya njano ni sodiamu ya presha kubwa, bluu ni zebaki, namba iliyoandikwa hapo zidisha kwa 10, yaani 25 ni wati 250 (17 ndo kichwa ngumu, ni 175). Sodiamu hiyo imeingia sokoni miaka ya 1960, sasa ukikuta stika ya njano kwenye bodi unayoona kabisa ni ya miaka ya 50, ujue ndani wamefumua wakaweka vitu vipya.

Choki na kapasita nazo zinaongea. Huko Marekani PCB, yale mafuta ya sumu ya ndani yake, ilipigwa marufuku kutengenezwa 1979, ndo maana za baadaye zimeandikwa kwamba hazina. Isiyoandikwa ichukulie ina sumu, na kama inavuja mafuta achana nayo, usiishike mkono mtupu.

Za kuongozea magari ndo zimenisumbua zaidi. Huko huko Marekani, Cleveland 1914 waliweka nyekundu na kijani tu, njano ikaja Detroit 1920, basi mtu akiona rangi mbili anaruka "hii ni kabla ya 1920!" Wapi, New York waliendelea na rangi mbili miaka mingi tu baadaye. Na lenzi ya kioo isikudanganye, inatoka na kuingia kwenye bodi nyingine kwa dakika 5.

Halafu jamani, piga picha kabla hujaosha chochote, na rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.