Sifa za Assange zisimjibie tuhuma

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu mashuhuri aliyekwepa mkono wa sheria kwa tuhuma za kingono aendelee kuheshimiwa kwa kazi yake, na mfano mliotupa ni wa Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, tovuti iliyochapisha nyaraka za siri za Marekani. Kazi yake iheshimiwe kadiri inavyostahili, lakini isigeuzwe hati ya kumsafisha, kwa kuwa tuhuma zile hazijawahi kupimwa mahakamani.

Wanawake wawili walimlalamikia nchini Uswidi mwezi Agosti 2010. Yeye alikanusha, na hakuwahi hata kufunguliwa mashtaka huko, jambo ambalo wanaomshambulia hupenda kulisahau. Juni 2012, baada ya rufaa zake za kupinga kupelekwa Uswidi kugonga mwamba Uingereza, aliingia ubalozi wa Ecuador jijini London, akakaa humo karibu miaka 7. Agosti 2015 baadhi ya tuhuma zilikufa kwa ukomo wa muda. Novemba 2019 mwendesha mashtaka akafunga upelelezi wa ile ya ubakaji iliyobaki, akisema kwamba maelezo ya mlalamikaji yanaaminika ila ushahidi umedhoofika kwa kupita miaka mingi.

Watetezi wake, ambao hata hapa Arusha ni wengi, husema alikuwa akiikimbia Marekani, si Uswidi. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: Aprili 2019, siku ileile alipotolewa ubalozini, mashtaka ya Marekani yaliwekwa wazi. Hata hivyo, hofu hiyo inaeleza kwa nini alijificha, haielezi kilichotokea kati yake na wanawake wale.

Katika mji wetu tumeona tofauti inayoletwa na mshtakiwa kuwapo kizimbani. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ilipoanza kusikilizwa Januari 1997 katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, hati ya mashtaka haikuwa na kosa la ubakaji hata moja. Mama mmoja, aliyetambulishwa kwa herufi tu ili jina lake lisijulikane, alieleza katika ushahidi wake yaliyompata bintiye wa miaka 6. Juni mwaka huo hati ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ikaamua, kwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Silinganishi uzito wa makosa (nani angethubutu?), nasema tu kwamba mama yule alisikilizwa, upande wa utetezi ukapata nafasi ya kumhoji, na majaji wakapima.

Walalamikaji wa Uswidi hawakuipata nafasi hiyo, na lawama si ya Assange peke yake. Kwa miaka kadhaa waendesha mashtaka walikataa kumfuata London, na mahojiano ya ubalozini yalikuja kufanyika Novemba 2016, wakati baadhi ya tuhuma zilikwisha kufa. Wangekwenda mwaka 2012, walau uamuzi wa kumshtaki au kumwacha ungefanyika ushahidi ukiwa bado na nguvu.