Taliti, shali ya sala ya Kiyahudi: maswali yenu

*Rafiki yangu Myahudi anaoa, nataka kumzawadia taliti. Nitazame nini?*

Matamvua kwanza, urembo baadaye. Shika pembe moja ya shali uhesabu: nyuzi nane zinaning'inia, na juu yake mafundo matano. Uzi mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake, ndio huo uliozungushwa kuwafunga. Pembe zote nne ziwe hivyo, na yawe yamefungwa kwa mkono kwa nia ya ibada. Kitambaa kinachopendelewa ni sufu, ingawa pamba na hariri zipo. Sufu iliyochanganywa na kitani usiiguse, Torati imeikataza. Zile nyembamba kama skafu ni nyepesi kubeba, lakini mimi ningenunua pana ya kufunika mgongo.

Ila ulizia kwanza. Kwa Waashkenazi wengi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) kijana haanzi kuvaa taliti mpaka aoe, na mara nyingi upande wa bibi harusi ndio unaomnunulia. Usije ukakutana na baba mkwe mlangoni, kila mmoja na kifurushi chake! Kwa Wasefaradi (wenye asili ya Hispania na Ureno) huvaliwa tangu utotoni, kwa hiyo huenda anayo tayari.

*Mbona wengine wana uzi wa buluu na wengine hawana?*

Kitabu cha Hesabu, sura ya 15, kinataka uzi wa samawi katika kila pembe. Rangi hiyo ilitoka kwa konokono wa baharini, na ujuzi wa kuitengeneza ukapotea kwa zaidi ya miaka 1,000; ndiyo maana wengi wamebaki na nyeupe tupu. Siku hizi wapo walioirudia, na marabi bado wanabishana kama ni konokono yuleyule. Mistari myeusi au ya buluu kwenye kitambaa ni desturi tu.

*Nasikia matamvua ya taliti yanahusishwa na namba 613. Inatoka wapi?*

Kwa Kiebrania herufi ni tarakimu pia. Neno tsitsiti, yaani matamvua hayo, lina thamani ya 600. Ongeza nyuzi 8 na mafundo 5: idadi ya amri za Torati.

*Huvaliwa usiku?*

Kwa kawaida hapana, maana andiko linasema mtu ayaone matamvua. Usiku wa kuingia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ndio wa pekee.

*Mtu akifa, shali yake inakwenda wapi?*

Wengi huzikwa nayo. Kabla ya kumfunika, tamvua moja hukatwa: amri hazimhusu tena.