W810i au 5310? Jibu kwa mkuu mwenye shamba la zabibu Hombolo

Mkuu, umeuliza simu ya batani ya muziki yenye kamera ya kukaa nayo shambani Hombolo, Dodoma, kwa sababu simu janja inakata chaji kabla jua halijazama. Umeonyeshwa Sony Ericsson W810i na Nokia 5310 XpressMusic, zote za mkononi mwa mtu, bei hazipishani sana. Unataka usikilize nyimbo ukiwinga ndege, upige picha majani yanapougua ukamwonyeshe bwana shamba, na urekodi ngoma za kwenu. Wadau wengi hapo juu wamekujibu uchukue yoyote, eti viswaswadu ni vilevile. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mimi ni fundi simu hapa Majengo. Kabla ya kushika bisibisi nilikuwa naingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, kwa hiyo simu hizi nimezijua kwa sauti zake kabla ya kuzijua kwa ndani.

Kwanza muulize muuzaji ni 5310 ipi, maana ziko mbili. Ya zamani ilitoka 2007: nyembamba, haifiki sentimita moja, vitufe vya muziki vimepangwa pembeni mwa kioo, kamera ya megapikseli 2. Mwaka 2020 HMD, kampuni iliyokuwa ikitengeneza simu za Nokia, wakatoa nyingine kwa jina lilelile. Hii mpya ina spika mbili kwa mbele, inapokea memori kadi hadi GB 32, na redio yake haihitaji waya wa hedifoni kama antena. Kwa muziki peke yake ningekwambia beba hiyo mpya uondoke. Ila kamera yake ni VGA, yaani megapikseli 0.3. Jani la mzabibu ukilipiga kwa kamera hiyo, bwana shamba ataona kitu cha kijani, basi.

Na hapo kwenye jani ndipo swali lako lilipo hasa. Ile 5310 ya 2007 na W810i ya 2006 zote zimeandikwa megapikseli 2, ndiyo maana watu wanadhani zinalingana. Hazilingani. Kamera ya 5310 ina lenzi iliyotulia mahali pamoja: imepangwa kwa mtu aliyesimama mbele yako au kwa mandhari, na ukiisogeza karibu na kitu kidogo picha inakuwa na ukungu. Haina taa pia. W810i lenzi yake inajirekebisha yenyewe. Unabonyeza kitufe cha kamera nusu, unasubiri ijipange, halafu unamalizia kubonyeza. Ina mpangilio wa vitu vya karibu na taa ndogo nyuma. Picha yake ni vitone 1632 kwa 1224, inatosha kusafishwa kwa ukubwa wa karibu sentimita 14 kwa 10 bila kuchakaa. Kwa ubwiri (ugonjwa wa ukungu wa mzabibu), unaotakiwa kuonekana ule unga juu ya jani au yale manyoya upande wa chini, tofauti ya simu hizi mbili ni kubwa. Piga asubuhi jani likiwa kivulini, geuza na upande wa chini upige tena. Jua la saa saba la Dodoma linafuta kila kitu kwenye kamera za umri huu. Picha unamrushia bwana shamba kwa Bluetooth mkikutana, au unachomoa kadi.

Sasa muziki, ambao ndio uliokuleta.

W810i ni ya familia ya simu za muziki za Walkman iliyoanza na W800 mwaka 2005, na ina kitufe chake cha muziki, hivyo huhangaiki na menyu mkono ukiwa na udongo. Sauti yake kwenye hedifoni naipenda mpaka leo, hasa besi. Kinachowakimbiza watu ni kadi yake: inatumia Memory Stick PRO Duo, siyo ile microSD ndogo ya simu nyingine, na leo ukiiulizia madukani watakushangaa. Dawa ipo. Kuna adapta yenye umbo la Memory Stick inayomezesha microSD ndani yake, zilitumiwa sana na wenye PSP, ile mashine ya michezo ya Sony. Itafute hiyo kabla hujalipia simu, kisha uijaribu humo humo ndani ya simu mbele ya muuzaji. Kadi ya GB 2 inakutosha. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 1 kila dakika, kwa hiyo GB 2 ni zaidi ya saa 30 za kusikiliza. Usinunue kadi ya GB 64 ukidhani umejifanyia hisani. Simu za enzi hizo hazisomi kadi za ukubwa huo.

Upande wa 5310 ya 2007 kadi ni microSD ya kawaida, rasmi hadi GB 4, na juu kuna tundu la hedifoni la milimita 3.5, unachomeka hedifoni yoyote. W810i haina tundu hilo kwenye bodi. Hedifoni yake ya asili ilikuja vipande viwili, na kile cha juu kinachomoka kwenye tundu la milimita 3.5 katikati ya waya. Kile kipande cha chini ni mali, mkuu. Ukiuziwa simu bila hicho, punguza bei au achana nayo, kwa sababu redio nayo inategemea waya huo huo, na Hombolo utataka Dodoma FM na TBC.

Nikwambie jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko jina la simu. Nyimbo nyingi zinazouzwa kwenye kompyuta za vibandani zimegeuzwa mara mbili tatu, zikashushwa hadi kilobiti 64 ili kadi ionekane imejaa nyimbo elfu. Bongo Fleva yenye kinanda na ngoma za kompyuta inavumilia kidogo. Muziki wa kwetu hauvumilii. Ilimba (ala ya Wagogo ya vibao vya chuma) ina mlio wa chuma na juu yake kuna ule mvumo unaotetemeka, na mvumo huo uko kwenye sauti za juu, ambazo ndizo MP3 nyembamba hutupa kwanza. Unabaki na ilimba iliyokufa. Mwambie anayekuingizia nyimbo akupe 128 kwenda juu, 192 akiwa nazo, nyimbo zipungue lakini ziwe nzima. Mteja akiniletea kadi ya namna ile ya kilobiti 64 huwa nasikitika kweli, maana mtu anadhani simu yake ni mbovu.

Kurekodi ngoma: hapa usitegemee simu yoyote kati ya hizi. Wadau wamekwambia "ina voice recorder", kweli ipo, lakini inahifadhi kwa AMR, mfumo uliotengenezwa kwa maongezi ya simu. Unachukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, wakati CD inachukua 44,100. Maana yake kila sauti ya juu, iliyopita hezi 4,000, haiingii kabisa. Sauti ya mtu utaielewa. Zeze litakuwa kama nzi ndani ya chupa, na muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na kina mama, utageuka kishindo kisicho na ngozi. Video nayo ni vitone 176 kwa 144, sura za wachezaji hutazitambua. Kwenye tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino nimeona watu wakinyoosha simu za namna hii juu ya vichwa, na moyo uliniuma, kwa sababu baadhi ya wazee wale wanaoimba hawatakuwepo kurekodiwa tena.

Kwa kazi hiyo tumia simu janja yako uliyonayo, hata kama betri yake ni dhaifu. Izime data, weka programu ya kurekodi inayohifadhi kwa WAV (mfumo usiobana sauti), kaa karibu na zeze na waimbaji, mbali kidogo na ngoma kubwa, mgongo wako ukikinga upepo. Nyumbani igeuze kuwa MP3 ya kilobiti 192 ndipo uihamishie kwenye W810i. Hapo utasikiliza ngoma za kwenu ukiwa katikati ya mizabibu kwa sauti inayostahili.

Betri. W810i inatumia BST-37 ya mAh 900. Iliyokaa dukani miaka haina uhai hata ikiwa ndani ya karatasi yake, kwa hiyo iweke juu ya meza bapa uizungushe kwa kidole: ikizunguka imevimba, irudishe. Ipige chaji, cheza muziki saa nzima ukiwa dukani, uone imeshuka kiasi gani. Na shambani usiiache juani kwenye nguzo ya waya. Joto ndilo linaloua betri hizi kuliko matumizi.

Kama bado moyo uko kwa 5310 ya zamani, toa betri uangalie kibandiko cha chini yake kimeandikwa RM ngapi, yaani namba ya toleo. RM-303 ina masafa ya mtandao ya MHz 900, 1800 na 1900. RM-304 ilitengenezwa kwa Marekani, haina 900, na huku kwetu vijijini 900 ndiyo inayofika mbali. Utaona mtandao umejaa Nyerere Square pale mjini, ukifika Hombolo hakuna kitu. W810i ina masafa yote manne, hilo halikusumbui.

Vumbi jekundu linaingia kwenye mdomo wa chini wa W810i, ambao ndio wa chaja na hedifoni pia. Brashi laini kavu inatosha, usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu.

Kwa hiyo kwa matumizi yako, yaani jani, muziki na mtandao wa shamba, ningechukua W810i iliyokamilika na waya wake. Kabla ya kutoa pesa bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya kwenye kioo na ya chini ya betri, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 usubiri jibu. Tangu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, walipozima simu bandia Juni 2016 hilo siyo la kuruka. Laini yako kama ni ile iliyokatwa ndogo kabisa, beba na fremu yake ya plastiki, kwa kuwa tundu la humu ni la laini kubwa. Ukikwama kwenye adapta ya kadi, andika hapa hapa nikuelekeze namna ya kuikagua.