Septemba ya Shabiki Mwenye Timu Mbili
Maswali ya wasomaji kuhusu michezo ya Marekani

Besiboli inafunga hesabu, futiboli ya Kimarekani ndiyo kwanza inafungua daftari, na shabiki wa timu zote mbili za mji wake hajui pa kuelekeza moyo. Tumechagua barua sita.

SWALI: Timu yangu ya besiboli inaongoza divisheni (kundi dogo la timu ndani ya ligi) kwa mechi 3 na zimebaki 10. Ya futiboli imefungwa mechi zake zote 2 za mwanzo. Rafiki zangu wanasema nisijisumbue na futiboli, eti msimu bado mbichi. Ipi ininyime usingizi?
Msomaji, Ohio

JIBU: Futiboli. Msimu wa besiboli una mechi 162, wa NFL, ligi ya futiboli, una 17 tu. Kwa uzito wake ndani ya msimu, mechi moja ya futiboli ni sawa na mechi 9 na nusu za besiboli. Kwa hiyo hao waliopoteza mbili za mwanzo ni kama timu ya besiboli iliyofungwa mara 19 mfululizo. Hakuna shabiki wa besiboli ambaye angeambiwa atulie hapo.

Lakini mlango haujafungwa. Kila konferensi, yaani nusu ya ligi, ina timu 16, na tangu msimu wa 2020 timu 7 huingia kwenye mtoano: mabingwa wa divisheni 4 na nyingine 3 zenye rekodi bora. Nafasi ya mwisho mara nyingi huchukuliwa kwa ushindi wa 9 au 10, maana yake timu yako ishinde takriban 10 kati ya 15 zilizobaki. Imewahi kutokea kwa walioanza vibaya zaidi: San Diego Chargers walipoteza 4 za kwanza mwaka 1992 wakamaliza na ushindi 11 na ubingwa wa divisheni. Houston Texans walipoteza 3 za kwanza mwaka 2018, nao wakamaliza vilevile.

Badala ya kutazama matokeo peke yake, chunguza wamefungwaje. Kama ni kwa tofauti ya pointi 3, na mpira ulidondoka mara mbili ukaokotwa na wapinzani, hiyo ni bahati mbaya inayoweza kugeuka wiki ijayo, kwa sababu mpira ukishadondoka hakuna timu yenye ufundi wa kudumu wa kuuokota. Kama kotabeki, mtupaji mkuu wa mpira, anaangushwa kabla hajamaliza hatua zake za kurudi nyuma, tatizo liko kwa wale watano wanaomkinga, na hilo haliponi kwa wiki moja. Angalia pia walifungwa na nani. Mechi 6 kati ya 17 ni za ndani ya divisheni, na timu zikilingana kwa ushindi hizo huwa na uzito wake. Kufungwa na timu ya konferensi nyingine huhesabika kwenye rekodi vilevile, ila kwenye kulinganisha timu huumiza kidogo.

Besiboli yako iko vizuri, ila usichinje ng'ombe bado. New York Mets mwaka 2007 waliongoza kwa mechi 7 zikiwa zimebaki 17, na siku ya mwisho ubingwa ukaenda kwa Philadelphia Phillies.

SWALI: Kila siku gazeti linaandika "wanahitaji 8". Nane za nini? Na ikitokea sare, si kuna mechi ya ziada?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Chukua 163, toa mechi ilizoshinda timu inayoongoza, kisha toa ilizopoteza timu inayoifuata. Tuseme anayeongoza ameshinda 88 na kupoteza 64, wa pili ameshinda 85 na kupoteza 67. 163 toa 88 toa 67 inabaki 8. Kila ushindi wa anayeongoza hupunguza moja, na kila kipigo cha wa pili hupunguza moja pia. Ikifika sifuri, ubingwa wa divisheni ni wake.

Wengi hukosea wanaposahau mechi za ana kwa ana. Katika zile 10 zilizobaki, tuseme 3 ni baina ya wawili hao. Anayeongoza akishinda mbili kati ya hizo, namba inashuka kutoka 8 hadi 4 kwa usiku mbili, maana kila ushindi umehesabiwa pande zote. Akifagiliwa zote tatu, namba inabaki 8 ileile huku mechi zimebaki 7, na sasa wako sawa kwa sawa. Ndiyo maana shabiki wa timu ya pili asikate tamaa akiwa nyuma kwa 3, mradi mechi hizo bado hazijachezwa. Zikiwa zimekwisha, hali ni nyingine kabisa: anayeongoza akishinda 5 na kupoteza 5 tu, wa pili lazima ashinde 9 kati ya 10 ili ampite.

Kuhusu sare: mechi hiyo ya ziada, yaani ya 163, iliondolewa mwaka 2022. Siku hizi wakilingana, linaloangaliwa kwanza ni nani alimshinda mwenzake mara nyingi zaidi msimu huo. Tangu 2023 timu za divisheni moja hukutana mara 13, kwa hiyo mwenye ushindi 7 ndiye mwenye turufu. Ikiwa turufu iko kwa anayeongoza, ondoa moja zaidi kwenye namba: ile 8 kwa kweli ni 7. Jambo hili si dogo. Mwaka 2024 Mets, Atlanta Braves na Arizona Diamondbacks wote walimaliza na ushindi 89 na vipigo 73. Wawili wakaingia, Arizona wakabaki nje bila kupewa hata mpira mmoja wa kujitetea. Tunaona mechi ile ya ziada ilikuwa njia ya haki zaidi, na tunaihuzunikia hadi leo.

SWALI: Jumapili ya mwisho ya besiboli timu zangu zote mbili zinacheza. Nitazame ipi?
Msomaji, Texas

JIBU: Inategemea futiboli inaanza saa ngapi. Kwa saa za Mashariki mwa Marekani, mechi za NFL za Jumapili huanza saa 7 mchana, kundi la pili huanza saa 10 na dakika kadhaa jioni, na ya usiku saa 2 na dakika 20. Jumapili ya mwisho ya besiboli, mechi zote huanzishwa kwa pamoja mnamo saa 9 alasiri, ili timu isijue matokeo ya mpinzani wake kabla ya kucheza.

Mechi ya futiboli huchukua saa 3 na ushee. Ya besiboli, tangu saa ya warushaji (inayowabana warushe ndani ya muda maalum) ianze kutumika mwaka 2023, huchukua kama saa 2 na dakika 40. Basi, kama futiboli yako ni ya saa 7, itazame hadi mwisho huku besiboli ikiwa redioni. Itaisha besiboli ikiwa kwenye ngwe (kipindi cha mchezo) ya 3 au ya 4, na hapo geuza runinga. Besiboli inafaa sana redioni kwa sababu mambo hutokea moja baada ya jingine. Futiboli ina watu 22 wanaokwenda kwa pamoja, na mtangazaji hawezi kukuonyesha wote.

Kama futiboli ni ya kundi la pili, tazama besiboli. Ngwe za 7, 8 na 9 zitaangukia kwenye robo ya pili ya futiboli. Rudi futiboli mapumziko yakiisha, hujachelewa chochote kisichorekebishika. Usijaribu kubadilisha chaneli kila dakika. Utakuta matangazo pande zote mbili, na mpigo wenyewe utakupita.

SWALI: Mrushaji wetu bora alirusha Jumapili ya mwisho tukafuzu. Kisha hakuonekana raundi yote ya kwanza, tukatolewa. Kocha alikuwa anawaza nini?
Msomaji, Michigan

JIBU: Kocha alibanwa na kalenda. Mrushaji wa kuanza hurusha mipira 90 hivi, bega na kiwiko vikahitaji siku 4 za kupumzika. Aliyerusha Jumapili yuko tayari Ijumaa. Raundi ya kwanza huanza Jumanne na ina mechi 3 tu, yaani Jumanne, Jumatano na Alhamisi, zote nyumbani kwa mwenye nafasi ya juu. Timu iliyofuzu mapema humpanga mrushaji wake arushe Alhamisi au Ijumaa ya wiki ya mwisho, kisha Jumanne yuko mpya. Kumrudisha baada ya siku 3 kunawezekana, lakini mwendo wa mpira hupungua na hadi ngwe ya 5 mkono umekwisha. Kwa hiyo ule ushindi mmoja wa kizembe mlioukosa Agosti ndio uliowagharimu Oktoba.

SWALI: Timu mbili zikigombea uwanja au maegesho siku moja, nani hupisha?
Msomaji, Maryland

JIBU: Hakuna kanuni moja. Mwaka 2013 Baltimore Ravens walikuwa mabingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, na desturi huwapa mabingwa ufunguzi wa nyumbani siku ya Alhamisi. Lakini Orioles, timu ya besiboli inayotumia maegesho yaleyale, walikuwa na mechi usiku huo na hawakuihamisha. Jumatano haikufaa kwa kuwa jioni hiyo ulianza Mwaka Mpya wa Wayahudi. Ravens wakapelekwa Denver, wakafungwa 49 kwa 27.

Miaka minne kabla, besiboli ndiyo iliyopisha. Minnesota Twins na Detroit Tigers walilingana mwaka 2009 na ilibidi wacheze mechi ya 163 ndani ya Metrodome. Jumatatu uwanja ulikuwa na mechi ya futiboli, Vikings dhidi ya Green Bay Packers, basi ya besiboli ikasogezwa Jumanne, tarehe 6 Oktoba. Twins walishinda 6 kwa 5 katika ngwe ya 12. Tigers walikuwa wakiongoza kwa mechi 3 zikiwa zimebaki 4.

SWALI: Tulimsajili mpigaji mzuri tarehe 5 Septemba. Kwa nini hayumo kwenye orodha ya mtoano?
Msomaji, Pennsylvania

JIBU: Alichelewa. Mchezaji anatakiwa awe ndani ya klabu, hata kama yuko kwenye timu zake za daraja la chini, kabla Agosti 31 haijapita. Kikosi huongezwa kutoka 26 hadi 28 ifikapo Septemba 1, ndiyo maana mlimwona uwanjani. Mtoano ukianza kinarudi 26, na yeye harudi.