Kabla mchange pesa za India, ulizeni bloku ya biopsi ya mzee iko wapi

Naandika hii juu nimechoka kujibu watu mmoja mmoja kwa WhatsApp, kila wiki lazima mtu aniulize "babako si alifanyiwa ile ya lutetiamu, ilisaidia?", yaani ile dawa ya mionzi ya kansa ya prosteti, na jibu ni refu kushinda voice note naweza kurekodi nikiwa kwa mathree ya Thika Road.

Mzee wetu alipatikana na kansa ya prosteti 2019, ikiwa tayari imeingia mifupa. Sindano za homoni, vidonge, kemo, kila kitu kilifanya kazi kwa muda alafu PSA, kile kipimo cha damu cha prosteti, inaanza kupanda tena. Hapo ndio shemeji akasikia kwa jamaa wa kanisa kuhusu lutetiamu huko India, na kabla hata daktari aulizwe tayari tulikuwa na tarehe ya harambee. Sisi tunajua kupanga harambee haraka, maswali ndio hutuchelewa.

Wacha nieleze venye mimi nilielezwa. Seli nyingi za hii kansa huwa na kitu huko nje kwa ngozi yake kinaitwa PSMA. Dawa inashika hapo hapo, na ile lutetiamu 177 imebebwa nayo inachoma seli kutoka karibu, umbali wa kama milimita mbili ukizidi. Sasa chukulia ni boda amebeba mzigo, kama hakuna pin ya mahali anaenda atazunguka tu na mafuta yako. Kwa hivyo kitu cha kwanza ni skani ya PET ya PSMA, ile picha ya mwili inayong'aa mahali PSMA iko, na hiyo hakuna haja ya ndege, Aga Khan wako na mashine ya PET na ile hospitali ya Kenyatta University huko Kahawa pia. Uvimbe ukikosa kung'aa kwa hiyo skani, pesa ya India mtapeleka kufanya nini?

Mzee aling'aa karibu kila mfupa. Tukafurahi, ati unafurahia kansa kuonekana, maisha haya.

Alafu daktari akauliza kama tumewahi pima jeni. Tukaangaliana. Akasema anataka kuona zile za kurekebisha DNA ikiharibika, BRCA2, BRCA1, ATM na zingine, pia TP53, jeni ya kuzuia seli zigeuke kansa. Na akataka bloku, yaani ile nyama ya biopsi ya 2019 iliyogandishwa kwa nta. Hapa ndio nataka mnisikize vizuri. Hospitali moja hapa mjini, jina niache, ilituzungusha wiki tano tukitafuta hiyo bloku, mara iko stoo, mara aliyekuwa na funguo yuko likizo, mara leta ile risiti ya zamani. Mkipima mgonjwa leo, ulizeni leo hiyo nyama inakaa wapi na nambari yake ni gani, muandike kwa ile bahasha ya X-ray. Na msiseme mtatoa ingine tu kwa mfupa, mfupa unalainishwa na asidi maabara na mara nyingi hiyo asidi inaharibu DNA. Kuna kupima kwa damu pia, lakini inategemea kansa imemwaga DNA ya kutosha huko ndani.

Majibu yakaja: BRCA2 imeharibika, na ilikuwa ya kuzaliwa nayo. Kaka yangu alikuwa ashasoma kwa intaneti, akasema hiyo ni poa sana, seli haziwezi kujirekebisha basi mionzi itazimaliza zote. Hata mimi niliona inaleta maana. Daktari akatupoza. Akasema kwa karatasi ni kweli, lakini tafiti zenyewe ni za watu wachache na hazikubaliani, zingine zimeona wenye BRCA imeharibika wakifanya vizuri, zingine hazikuona tofauti. Wenye TP53 imeharibika ndio wengi wameonekana kufanya vibaya. Kwa hivyo jeni haikufungulii mlango wa lutetiamu wala haikufungii, skani ndio inafanya hiyo kazi. Kitu BRCA2 ilitupatia ni mlango mwingine kabisa, vidonge vya olaparibu vya kansa yenye jeni kama hiyo imeharibika, ambavyo tungejua mapema tungevipanga kabla ya kuuza ng'ombe.

Mzee mwenyewe alichagua lutetiamu kwanza, maumivu ya mgongo yalikuwa yamemzidi. Alipata nne, kila wiki 6 moja. PSA ilitoka 212 ikashuka hadi 58, akaanza kutembea mwenyewe mpaka kwa duka, baada ya ya nne ikaanza kupanda tena na sasa yuko kwa vidonge. Ukitaka namba za watu wengi, utafiti wa VISION wa 2021 ulikuwa na wagonjwa 831, mtu wa katikati kwa waliopewa lutetiamu aliishi miezi 15.3, na kwa wale wa matibabu ya kawaida peke yake 11.3. Ongeeni hizo namba na mzee akiwepo. Sisi tulimficha na akakasirika, na alikuwa na haki.

Madogo madogo: mdomo unakauka vibaya, mate yanapungua, chai na uji ndio vilimsaidia. Bebeni barua ya hospitali, mashine za airport zinaweza kulia. Siku za kwanza alilala chumba chake, akakojoa akiwa ameketi na kuflashi mara mbili, na wajukuu hawakupanda kwa mapaja ya guka. Hiyo ya wajukuu ilimuuma kushinda sindano.

Sasa ile sehemu tunapenda kuruka. Jeni iliyoharibika ya kuzaliwa nayo maanake kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na kwa wanawake BRCA2 ikiharibika inaongeza hatari ya kansa ya matiti na ya ovari. Dada yangu alienda kupimwa wiki hiyo hiyo, hana. Mimi ninayo, na naanza PSA mwaka huu nikiwa na miaka 41. Kaka mkubwa anasema ataenda mvua ikiisha, akishapanda mahindi. Ameshapanda mara mbili. Fomu yake niko nayo kwa droo.