Paka kapanda mti wa Krismasi, mbwa kala ndala za shemeji: maswali yenu ya Desemba

Haya jamani, shule zimefungwa, nyumba zimejaa wageni na maswali yamemiminika kama kawaida ya mwezi huu. Mengi yanafanana kwahiyo nimeokota machache, na majina nimeyaacha maana mengine mkisoma majirani zenu wataanza maneno.

Shikamoo dokta. Tuna mtoto wa mbwa ana kama miezi minne, tulipewa na jirani. Tangu watoto wafunge shule wanacheza nae kutwa nzima, sasa kaanza kuwang'ata mikono na visigino, sio kwa hasira, anacheza tu, lakini mdogo akikimbia ndo balaa linazidi. Juzi soksi ikatoboka na ngozi ikachubuka kidogo. Jioni ndo anakuwa kama kapandwa na mashetani, hataki kutulia. Baba yao anasema apigwe ili ajue. Nifanyeje? Mama wa wawili, Kimara

Marahaba mama. Nianze na kile ulichokipitia haraka haraka, ngozi kuchubuka. Hujaniambia kama huyo mbwa kachanjwa, na mbwa wa kupewa na jirani mara nyingi hajachanjwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu kwahiyo umri wake umeshapita. Kama hana kadi ya chanjo, mpeleke mtoto hospitali leo, usisubiri sikukuu iishe, waeleze ilivyokuwa wao wataamua sindano. Na siku nyingine jino likigusa tu, kidonda kwenye maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, weka simu ihesabu maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri. Usipake pilipili wala majivu wala mafuta ya taa. Mbwa mwenyewe muangalie siku 10, akibaki mzima ni dalili nzuri, ila hizo siku 10 sio za kukaa mnasubiri ndo mwende hospitali. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa mtu hakuna dawa ya kumrudisha, na mbwa mdogo mzuri wa kuchezea anaweza kuwa nao vilevile.

Sasa tuje kwenye kung'ata. Mwambie baba watoto fimbo aiweke chini. Miezi minne ndo meno ya utoto yanaanza kung'oka, mpaka miezi sita hivi anakuwa amebadilisha yote, kwahiyo fizi zinamuwasha na kila kitu anataka kutafuna, visigino, mguu wa kochi, ndala za shemeji. Alafu angebaki na ndugu zake angefundishwa nao, maana akimng'ata mwenzie sana yule analia kisha anaondoka, mchezo umeisha. Hapo kwako mchezo hauishi, akimng'ata mtoto mtoto anapiga kelele anakimbia, na kwa mbwa kinachokimbia kinapiga kelele ndo mchezo wenyewe umenoga!

Wafundishe watoto wagande. Akianza meno kila mtu asimame, mikono kifuani, wasimuangalie, wasiseme kitu, kama nusu dakika hivi. Akitulia wanaendelea, lakini na kamba sio na mikono. Chukua mguu wa jinzi kuukuu, funga mafundo matatu, lowesha, weka kwenye friza mpaka ugande, mpe. Utaona anavyolala chini na kuukumbatia kwa miguu ya mbele, fizi zinapoa huku na nyinyi mnapumua. Asiachiwe nao peke yake lakini, ukianza kuchanika nyuzi tupa utengeneze mwingine.

Ila mimi nadhani kinachomsumbua zaidi ni usingizi. Mbwa wa umri huo analala saa 18 kwa siku au zaidi. Shule zilipokuwa wazi alikuwa analala asubuhi nzima, sasa watoto wanamuamsha wanamvuta wanampiga picha, ikifika jioni kachoka mpaka kapitiliza, na mbwa aliyepitiliza anafanana na mtoto aliyekosa usingizi wa mchana, unayajua mwenyewe. Kwahiyo msimuongezee mchezo, mpunguzieni. Akiwa macho kama saa nzima apelekwe sehemu yenye kivuli na utulivu, maji yawepo, na watoto marufuku kumgusa. Mchezo mkubwa uwe alfajiri na baada ya saa kumi na moja jioni, maana joto la Dar la Desemba saa saba mchana hata wewe hulikimbilii.

Dokta mambo. Nimepanga chumba na sebule Sinza, nina paka mmoja dume. Saa tisa usiku anakimbia kwenye makochi, anapanda pazia, anarukia vidole vyangu chini ya shuka. Na mti wa krismasi kaangusha mara ya pili, alafu anapenda kula zile nyuzi za kung'aa. Nampa maziwa alale ila haisaidii. Kijana wa Sinza

Poa mdogo wangu. Hizo nyuzi zitoe leo. Sio kesho. Uzi ukiingia tumboni mwa paka ncha moja inaweza kunasa chini ya ulimi au tumboni huku utumbo unaendelea kuuvuta, utumbo unajikunja kama kiuno cha suruali kilichovutwa kamba, na unaweza kuchanika. Ukimuona anatapika, hali, amejikunyata, nenda kliniki. Na ukiona uzi umening'inia nyuma, najua mkono utakuwasha, USIVUTE. Ndo kosa linaloua. Mwache hivyo hivyo umpeleke. Mti wenyewe ufunge kwenye nondo za dirisha kwa waya, mapambo ya chini yote pandisha juu, waya wa taa chomoa ukienda kulala.

Usiku sasa. Paka ni mwindaji wa magharibi na alfajiri, ndo saa zake za kazi, na wako kashinda peke yake ndani kutwa kalala, unategemea afanye nini? Kabla hujalala mchezeshe dakika 10 au 15. Funga unyoya wa kuku kwenye kamba kwenye kijiti, usimpelekee usoni, uburute uukimbize kama panya, uufiche nyuma ya mguu wa meza usimame kidogo… utamuona anatingisha matako kabla ya kuruka. Mwache aukamate kweli, sio umchezee tu mpaka akasirike. Akishaukamata mpe chakula chake, dagaa waliochemshwa bila chumvi wanatosha. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala, ndo mpangilio wake huo. Kamba nayo fungia kabatini, umeshaona tabia yake. Maziwa acha, paka wakubwa wengi hawayamengenyi na utaamka saa tisa kwa sababu nyingine kabisa.

Mbwa wetu na paka wetu wanakimbizana sebuleni, watoto wanacheka wanachukua video ila mimi naogopa. Nitajuaje wanacheza au wanagombana? Bibi wa wajukuu watano, Tabora

Shikamoo bibi. Angalia zamu. Wakipokezana, mara huyu anakimbiza mara yule, wakasimama wakahema wakaanza tena, huo mchezo. Mbwa akiinama mbele, viwiko chini matako juu, anaomba mchezo. Tatizo lugha zao zinapishana, mkia wa mbwa ukitikiswa mwili mzima ukiwa laini mara nyingi ni raha, paka akiupiga piga mkia wake amekereka, sasa mbwa anaona mwenzie anamkaribisha kumbe anafukuzwa, kofi la kucha linatua puani. Masikio ya paka yakilala nyuma, akivimba manyoya, akiguna, watenganishe, ila usiingize mkono katikati bibi yangu, tupa mto au piga sufuria. Na paka awe na pa kukimbilia juu, juu ya kabati panatosha.

Mwaka jana mkesha wa mwaka mpya mbwa alikata mnyororo saa sita usiku fataki zilipoanza, tukampata siku ya pili kata nyingine kabisa. Mwaka huu nimpe dawa ya usingizi? Dada, Arusha

Ya binadamu hapana dada. Na hapo hapo niwaambie wote, Panadol kwa paka ni sumu, kidonge kimoja kinatosha kumuua, nimeshaulizwa mara nyingi eti paka ana homa apewe nusu.

Mbwa anasikia sauti kwa mbali na kwa wembamba ambao sisi hatuufikii, kwahiyo ule mlipuko kwake ni kitu kingine. Kumfunga mnyororo nje usiku ule ndo hatari zaidi, anaweza kujinyonga. Mtembeze mapema kabla giza halijaingia achoke, mpe chakula, saa nne muingize ndani, hata stoo, hata chooni, funga dirisha na pazia, washa redio kwa sauti ya kawaida, weka kanga yako uliyoivaa alalie harufu yako. Akikufuata miguuni mpapase, ile habari kwamba ukimbembeleza utamzidishia woga haina ukweli. Kama ni wale wa kujikojolea na kutafuna mlango basi nenda kliniki wiki hii upewe dawa yake kwa uzito wake, usiende tarehe 31 jioni. Na andika namba ya simu kwenye ukosi wake, kwa peni ya kudumu tu inatosha.

Sisi huku Moshi Krismasi ni kuchinja, na mbwa wetu nae anasherehekea, mifupa, pilau, keki, mpaka mbege anaonja. Kuna ubaya? Baba wa Marangu

Mzee wangu hapo kwenye mbege umenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Pombe kwa mbwa ni sumu, haijalishi ni ya ndizi wala ya dukani. Vingine: mfupa wa kuku uliopikwa unakatika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Pilau ina vitunguu na vitunguu swaumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu, kwa mbwa na kwa paka zaidi. Keki za msimu huu zina zabibu kavu, hizo zinaua figo za mbwa, na chokoleti kadiri inavyokuwa nyeusi ndo inavyozidi kuwa mbaya. Mafuta ya mbuzi yakizidi kongosho linawaka, atatapika mpaka Boxing Day iishe.

Tatizo kubwa sio wewe ni wageni. Kila mjomba anarusha kipande kimoja "kidogo tu", wajomba wakiwa 15 hesabu mwenyewe. Mimi nyumbani kwangu mtoto mmoja anapewa cheo, ndo mwenye sahani ya mbwa, nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi wala kitunguu pamoja na ugali, na mgeni yeyote akitaka kumpa mbwa kitu anachukua kutoka kwenye hiyo sahani. Watoto wanapenda madaraka, hapiti mtu!

Wakwe zangu ni Waislamu wa Tanga, wanakuja kukaa wiki moja. Mbwa wetu ana mapenzi sana, anaruka na kulamba kila mtu. Paka pia nimfungie? Mkwe, Mbezi

Paka mwache, paka hana shida, mate yake hayanajisi na hata msikitini anaingia anatoka. Mbwa ndo suala, kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wa pwani wanayafuata, mate yake au yeye akiwa na maji maji ni najisi nzito, nguo au chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Fikiria mama mkwe katoka kutawadha anaelekea kwenye mswala, mbwa huyo kamrukia. Kwahiyo mbwa uani wiki nzima, mmtembeze asubuhi na jioni asione kaadhibiwa, na chombo chake kisiingie kabisa kwenye sinki la jikoni. Mwambie mama mkwe mapema kabla hajafika kwamba mpango upo, atakuja na moyo mweupe.

Tunasafiri kwa gari Dar mpaka Bukoba, siku kumi kule. Tuna mbwa na paka, tuwabebe? Wachumba

Paka abaki wanangu. Paka anapenda nyumba kuliko anavyowapenda nyinyi, samahani. Tafuteni mtu anayemjua aje kila siku, sio aachiwe beseni la chakula la siku kumi, na yule anayebaki asiweke sumu ya panya ndani, maana panya aliyekula sumu paka atamla. Kama lazima asafiri basi ndani ya tenga lililofungwa, sio mapajani, akishtuka barabarani ataingia chini ya pedali za dereva.

Mbwa anaweza kwenda kama kazoea gari. Kadi ya chanjo mkononi, na pitieni ofisi ya mifugo kuulizia kibali cha kumsafirisha. Asile chochote kama masaa manne kabla ya safari, maji kidogo kidogo njiani. Na mkifika Singida mkaona mshuke mle kuku wa kienyeji, mbwa anashuka na nyinyi. Gari lililofungwa juani linapanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, kioo kuachwa wazi kidogo hakusaidii, na mimi sijawahi kuona kuku wa Singida akaletwa mezani kwa dakika 10.