Elimu ya Lishe Ianze na Pakiti ya Chumvi Iliyopo Jikoni

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania inavuna mahindi, viazi, maharage na ndizi kwa wingi, na sehemu kubwa ya mavuno hayo hulisha mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Katika kazi yangu ya kuelimisha jamii kuhusu lishe, hali hiyo imenishawishi kwamba mwongozo wa afya, hata uwe sahihi kiasi gani, haumfikii mwananchi mpaka ugeuzwe kuwa kipimo anachokishika mwenyewe kila siku.

Tuchukue chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai. Ukizitaja gramu hizo kwenye mkutano wa kijiji watu wataitikia kwa heshima kisha watarudi makwao, kwa sababu hakuna anayepika akiwa na mizani. Mimi huuliza swali jingine: pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi nyumbani kwako? Kaya ya watu wazima sita, kila mmoja akitumia gramu 5, huimaliza kwa siku 16 hivi, na penye watoto wadogo inapaswa kukaa zaidi. Akina mama hupiga hesabu hiyo palepale, na wengine husema wazi kwamba yao haimalizi wiki. Wenzangu mnaoelimisha jamii, ulizeni pia kama kuna chumvi inayolambishwa mifugo, msije mkamlaumu mtu bure. Baada ya hapo ndipo ninapoeleza kuhusu viungo vya pakiti, ambavyo navyo vina chumvi nyingi, na kuhusu kuongeza chumvi mezani. Sisemi waiache kabisa, na ninasisitiza iliyobaki iwe yenye madini joto, kwani ukanda huu umewahi kusumbuliwa sana na uvimbe wa tezi la shingo.

Sukari huenda kwa njia hiyohiyo. Soda moja ya mililita 350 ina takriban vijiko vinane vya chai vya sukari, na kuvipima vijiko hivyo ndani ya glasi mbele ya watu kunatosha.

Suala la watoto linahitaji muda mrefu zaidi na ulimi laini zaidi. Mzazi aliyejaza ghala la mahindi akiambiwa kwamba mtoto wake hali vizuri huona ametukanwa. Mama mmoja wa Njombe aliniambia, “Nesi, huyu anakula akashiba, ugali haujawahi kukosekana kwangu.” Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ndio uliokuwa mahali pa kuanzia. Nilimwomba anionyeshe kilichopo nyumbani siku ile: kulikuwa na maharage, karanga kidogo, majani ya maboga, na parachichi ambazo mnunuzi alizikataa kwa sababu ya makovu kwenye ganda. Parachichi ya namna hiyo, ikiwa haijaoza, haijapungukiwa na kitu ndani. Tuliiponda, tukaichanganya na uji mzito wa mtoto wake aliyekwisha kutimiza miezi sita, na majirani wakaja kuonja. Tangu hapo ninawashauri wenzangu wapike kwa vitu vya kaya wanayoitembelea, wala wasibebe kikapu cha maonyesho kutoka mjini, maana kikapu hicho huwafundisha watu kwamba lishe bora ni ya wenye fedha.

Kuhusu mazoezi, tunawakosea watu wengi kwa kutoa ujumbe mmoja kwa wote. Mwongozo unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Mwanamke wa Mufindi anayelima mteremkoni, anayechota maji na kubeba kuni amekwisha kuzimaliza kabla ya wiki kufika katikati, hivyo yeye anahitaji kuambiwa juu ya mlo wa kutosha na kupumzika, hasa akiwa mjamzito. Ujumbe wa mazoezi wapelekewe wauzaji wa madukani wa Mwanjelwa jijini Mbeya, madereva wa bajaji na sisi watumishi wa ofisini. Kwa hao kipimo ni rahisi: tembea mpaka uweze kuongea lakini ushindwe kuimba. Kwa milima ya Mbeya, kuteremka kwenye daladala vituo viwili kabla ya nyumbani kunatosha kukufikisha hapo.

Jambo la mwisho ni nani anayesikiliza. Kliniki na siku za afya na lishe za kijiji hujaa wanawake, ilhali uamuzi wa kuuza mayai yote au kubakiza machache mara nyingi hufanywa na baba. Kwa hiyo fuateni mikutano ya vyama vya ushirika, minada na vijiwe vya bodaboda. Mwenyekiti wa kijiji akikubali kuwapa dakika kumi kabla ya ajenda ya mbolea ya ruzuku, zichukueni, kwa kuwa siku hiyo wanaume huja mapema na hukaa mpaka mwisho.